Baba wa Wiki Tatu

Nyanchwa, Jumanne, saa kumi jioni. Mvua.

Mvua ya Kisii haijui kukosa miadi. Ilianza saa nane na nusu kugonga mabati, na sasa maji yanateremka kilimani kuelekea mjini, na watu wa boda boda wamejibanza kwenye kibaraza cha duka la jirani. Mimi niko mezani na kompyuta yangu. Miguu imevimba, mgongo unauma, na kitandani mwangu amelala mama yangu mzazi, amejifunika leso mbili na blanketi langu jipya, anakoroma bila haya.

Tulifika jana usiku, tumechoka hoi, na gari za kwenda kwao zilikuwa zimeisha. Kesho ataenda nyumbani. Leo ni wangu.

Nilikuahidi habari za milima, shajara yangu ya mtandaoni. Unanijua. Mimi ndiye Moraa wa begi mgongoni, yule anayefunga kibanda chake cha kuchapa na kutoa kopi mara mbili kwa mwaka, akapanda basi la mbali peke yake, kisha akarudi kukuringia hapa kwa picha za ukungu na maneno mazito kuhusu upweke. Safari hii nilipanga kuvuka mpaka wa Uganda na Rwanda, ule wa milimani baada ya Kabale, nifike Kigali kwa kaka yangu Zakayo, nipumzike, halafu niendelee na begi langu hadi ziwani. Nilikuwa nimenunua hata viatu vya kupandia milima.

Kwenda na mama hakukuwa kwenye mpango.

Zakayo alienda Kigali miaka sita iliyopita kusimamia ujenzi. Huko akampata Josiane, miaka miwili baadaye wakaoana huko huko, harusi ndogo, bila wazee wala sisi kuitwa. Tulipata picha kwenye simu. Kwetu ni kijijini, upande wa Nyamira, si mbali na Keroka, na huko kijana haoi kimyakimya hivyo. Jambo hilo lilimkaa mama kooni. Hakugombana naye, na afadhali angegombana. Zakayo akipiga simu, mama alimwambia mvua imenyesha, majani chai yamechumwa, ng'ombe ni mzima, haya, nakupa mzee. Jina la Josiane halikuwahi kumtoka mdomoni.

Mwezi uliopita Zakayo akapiga kusema wamepata msichana, na wamempa jina Kwamboka. Mama akakata simu. Nilikuwa nimeketi naye jikoni nikimenya ndizi, nikadhani amekasirika upya. Nilijua tu kwamba Kwamboka lilikuwa jina la nyanya aliyemzaa mama, nyanya ambaye sisi hatukumwona. Sikujua zaidi, na sikuwahi kuuliza.

Wiki mbili hakuligusia jambo hilo. Kisha, siku chache kabla ya safari yangu, nikamkuta mlangoni hapa na kikapu, mfuko wa unga wa wimbi kwa ajili ya uji wa mzazi, na mkungu mzima wa ndizi mbivu. Akaniambia tata, yaani mzee wetu, atabaki na ng'ombe kwa sababu yuko karibu kuzaa. Akauliza basi linaondoka lini.

Nitasema ukweli, kwa sababu hapa sina wa kumdanganya. Sikufurahi. Niliwaza jinsi nitakavyoonekana kwenye picha, mimi na begi langu la mitumba la rangi ya chungwa, na kando yangu mwanamke wa leso na kikapu. Nilimwambia pia kwamba Uganda ndiko kwenye ndizi, kuzipeleka huko ni kujichosha. Akasema za Uganda hazijui.

Tuliondoka Jumapili, maana Sabato haisafiriwi. Kisii hadi Kisumu, Kisumu hadi Kampala, tukalala, na Jumatatu alfajiri tukapanda basi la Kigali. Njiani nilijaribu kumwandaa. Nilimweleza mpaka ni nini, foleni, maafisa, kitambulisho mkononi, jibu unaloulizwa tu. Akanicheka.

"Moraa, mimi navuka mpaka kila siku ya soko. Nauza ndizi Nyamira, nanunua chumvi Kisii, na yote ni Keroka."

Si uongo. Keroka imekaliwa na kaunti mbili, ukivuka barabara umebadilisha gavana.

Kufika Mbarara alikuwa ameona baiskeli za kutosha zilizobeba mikungu mitatu mitatu. Alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akafungua kikapu na kuanza kugawa zetu, kiti hadi kiti, hadi kwa dereva. Kila aliyekula aliulizwa kama ni tamu. Basi lote likasema ni tamu. Hadi leo anaamini ameshinda.

Baada ya Kabale barabara ilianza kujikunja. Kilima juu ya kilima, mashamba yamekatwa matuta hadi kileleni, viazi, migomba, ukungu umelala mabondeni, na baridi ile ya kwetu ya mwezi wa saba. Nilitoa kamera. Mama alinishika mkono akaniambia dereva amepotea, tumezunguka tumerudi Nyamache, huko kwetu Kisii. Nilimweleza kwamba Nyamache tuliiacha siku nzima nyuma yetu. Hakuniamini kabisa, akawa anatafuta kwa macho kanisa analolijua.

Mpakani tulishuka na mizigo yetu, kama desturi. Utingo wa basi akatangaza kwamba atakayechelewa ataachwa. Foleni ikasonga. Mimi nilipita kwa dakika mbili, kitambulisho, kidole kwenye mashine, muhuri, haya, karibu Rwanda. Nikasogea upande wa pili wa kaunta nikamsubiri mama.

Mashine ikakataa kidole chake.

Afisa, kijana mpole mwenye miwani, akamwomba apanguse. Akapangusa kwa leso. Ikakataa. Kidole gumba cha kushoto, ikakataa. Cha shahada, ikakataa. Mama amechuma majani chai zaidi ya miaka arubaini, na vidole vyake vya kuchumia vimelainika kama kijiko cha zamani. Hakuna mistari iliyobaki. Nilikuwa sijawahi kuviangalia, mimi mwanawe, hadi mashine ilipovikataa.

Kijana akasema basi itabidi amhoji kidogo, na asiporidhika, mama atasubiri mkubwa wao hadi kesho. Nyuma yangu utingo alikuwa ameanza kuhesabu abiria.

Akamuuliza anaenda kumwona nani.

"Naenda ona baba yangu," mama akasema, kwa Kiswahili chake cha soko.

"Baba yako anaishi Kigali?"

"Ee. Amezaliwa huko."

"Ana miaka mingapi?"

"Miaka bado. Ako na wiki tatu."

Foleni yote ikaangua kicheko. Kijana akavua miwani.

Nieleze hapa kwa ajili ya wasomaji wasio wa kwetu. Kwa Ekegusii, lugha yetu ya Kisii, mama mzazi ndiye anayeitwa baba. Mwanamume aliyekuzaa ni tata. Na mtoto akipewa jina la marehemu, huitwa kama marehemu alivyoitwa. Kwa hiyo msichana mdogo aliyepewa jina la mama ya mama yangu, kwa mama yangu ni baba, yaani mama. Mtu wa kwetu halioni fumbo lolote hapo. Pale mpakani lilikuwa fumbo kubwa.

Kijana akajaribu njia nyingine. Akaomba jina la mwenyeji.

"Kwamboka."

"Ndiyo, mama, najua. Nauliza jina."

"Si nimekwambia? Kwamboka!"

"Sawa, mama, utavuka, lakini kwanza jina!"

Watu walikuwa wanajishika mbavu. Msichana mmoja Mnyarwanda, mwanafunzi aliyekuwa kiti cha nyuma yetu, akaninong'oneza kwamba kwa lugha yao kwambuka maana yake ni kuvuka. Afisa alisikia mama akimshinikiza tu, kuvuka, kuvuka. Na la ajabu ni kwamba hata kwetu maana ni hiyo hiyo. Kwamboka ni aliyevuka. Nyanya yule alizaliwa safarini, mama yake akiwa ametoka tu kuvuka mto Gucha.

Ningeweza kueleza yote hayo. Nilikuwa na Kiswahili cha kutosha, na Kiingereza juu yake. Badala yake nilicheka pamoja na watu. Tena nilirudi hatua moja, nikashika mikanda ya begi langu, nikajifanya msafiri wa peke yake anayesubiri basi. Ilikuwa muda mfupi, labda wa kuhesabu hadi kumi. Mama aligeuka kunitafuta akaniona nikicheka.

Ndipo nikasogea. Nikamwambia kijana, kwa sauti ya mtu msomi, kwamba amsamehe, Kiswahili chake si kizuri, anamaanisha mjukuu. Kijana akashusha pumzi, akachukua kalamu aandike.

"Yaya," mama akasema. Yaya kwetu ni hapana, na hapana yake haina kona. "Usiandike hivyo. Mimi sijakosea. Mjukuu niko nao kumi na moja. Huyu ni baba."

Nikamwambia kwa Ekegusii, kwa hasira, kwamba basi linatuacha. Alimwangalia yule kijana akamweleza polepole, neno moja moja, kwa mikono pia. Yule aliyenizaa. Alikufa. Mimi nilikuwa hivi, akaonyesha kimo karibu na kiuno. Sasa jina limerudi. Naenda kumwona.

Kicheko kikakatika. Kijana akageuka akaita kwa lugha yao, na afisa mwanamke, mtu mzima, akaja kutoka dawati la nyuma. Wakaongea. Nilisikia kwambuka mara mbili. Yule mwanamke hakuuliza chochote kuhusu baba. Alichukua mkono wa mama, akaugeuza kiganja juu, akavipapasa vidole.

"Chai?" akamuuliza.

"Chai," mama akasema.

Akasema mama yake pia anachuma, bonde lile pale, akaonyesha dirishani. Kisha akakishika kidole cha mwisho cha mama, kile kidogo kisichochuma, akakiweka mwenyewe kwenye mashine. Ikalia mara moja, taa ikawa kijani.

"Haya, mama," kijana akasema huku akigonga muhuri. "Vuka uende kwa Kuvuka."

Tulikimbia. Mama wa miaka sitini na nane alikimbia na mfuko wa wimbi kichwani, nami nyuma yake na begi langu. Utingo alikuwa ameshika mlango akitutukana kwa upole.

Basi lilipoingia barabarani lilihamia upande wa kulia, maana Rwanda ndivyo wanavyoendesha, na mama akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili akamwomba Mungu dereva apate fahamu. Nikamtuliza. Mimi nilikuwa natafuta namna ya kuomba msamaha bila kulitaja kosa, jambo ambalo haliwezekani.

Akaanza yeye. Alisema alikuwa na miaka sita mama yake alipofariki. Hakumbuki uso. Hakukuwa na picha. Anakumbuka mgongo tu, kwa sababu shambani mtoto hutembea nyuma, na mama yake alikuwa na leso yenye doa la ndizi hapa, akagusa bega lake. Akalelewa na mke mwingine wa babu, mwanamke mzuri tu, lakini yeye alimwita kwa jina la mwanawe mkubwa, Mama Mogaka. Kwa hiyo tangu miaka sita, akasema, sijamwita mtu baba. Miaka sitini na miwili. Zakayo alipotaja jina kwenye simu nilikata kwa sababu neno lilikuwa limenijaa mdomoni na sikutaka kulisemea ndani ya simu.

Nililia hapo kwenye kiti. Nilimwambia pole, nilicheka, nilikuacha peke yako pale. Akasema aliniona. Akasema pia nifute kamasi, tunaingia kwa watu.

Zakayo alitupokea stendi jioni. Jitu lile la futi sita lilisimama mbele ya mama mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa. Mama alimkagua, akasema amekonda, akampa unga abebe. Hiyo ndiyo kesi yote ya miaka minne, na hukumu yake.

Nyumbani Josiane alikuwa mlangoni na mtoto kwenye shuka la njano. Niliona mkono wa mama ukikamata leso. Alikuwa amejiandaa kwa mtoto, hakuwa amejiandaa kwa mkamwana. Josiane alikunja goti kidogo, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kusoma mbele ya darasa, akasema:

"Baba, karibu nyumbani."

Alilitamka sawasawa, laini, jinsi sisi tunavyolitamka. Zakayo alitazama chini. Baadaye alinieleza kwamba Josiane alifanya mazoezi siku tatu, akimwambia sufuria, akimwambia mlango.

Mama alipokea mtoto, akamfunua uso, akamwangalia sana, kwa kweli alimkodolea macho hadi mtoto akakunja paji la uso. Ndipo akalisema, polepole, mara moja. Baba. Halafu akainua kichwa akasema "Chosiani", jina ambalo hatukuwahi kumsikia akilitaja, alilitamka vibaya vile, na Josiane akaitika haraka kama aliyezaliwa nalo.

Siku sita zilizofuata nyumba ile ilisikia neno moja tu. Baba amekojoa. Baba anataka jua. Nani ameamsha baba? Ziwani sikwenda. Viatu vyangu vya mlima vilikaa chini ya kochi, na sikuvikumbuka hadi siku ya kufunga mizigo.

Sasa ungamo lililonikalisha hapa wakati ningekuwa nimelala.

Nilipoingia kidato cha kwanza nilikuwa bado namwita mama yangu baba, kama tulivyomwita sote nyumbani. Siku ya wazazi kututembelea nilimwona akiingia getini na kikapu chake, nikampigia kelele kutoka upande wa pili wa uwanja, "Baba! Baba!" Bwenini tulichanganyika na wasichana kutoka kila mahali. Muhula mzima waliniuliza baba yangu huvaa saizi gani ya rinda. Likizo ilipofika nikawa nasema mum. Nilipokuwa mkubwa nikaona mathe ndiyo ya kisasa. Miaka kumi na sita sasa. Hata humu nimeandika mama, mama, mama, tangu mstari wa kwanza, na wala sikujishtukia.

Hakuwahi kuniuliza. Siku ile ya mum ya kwanza alikuwa anapepeta wimbi, na nakumbuka ungo ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

Mtu aliyekosa wa kumwita alipata watoto wa kumwita yeye. Zakayo alilibeba neno lile hadi ng'ambo ya mipaka miwili akamfundisha mke wake. Mimi niliye karibu, saa moja tu kwa gari, nililiacha uwanjani kwa sababu ya vicheko. Na mpakani nikawa tayari kulifuta hata kinywani mwake yeye, nikimwambia afisa eti hajui Kiswahili. Naona aibu, shajara. Nampenda mwanamke huyu kuliko milima yote niliyokuandikia.

Nimeinuka kidogo. Nilikuwa nimebandika chai.

Nimerudi. Nilisimama mlangoni mwa chumba nikiwa na kikombe. Mara ya kwanza nilikohoa kama ninayesafisha koo. Mara ya pili nikasema, "Baba, chai iko tayari."

Alifumbua jicho moja. "Ee," akasema, kana kwamba nimemwita hivyo jana na juzi. Akajiinua, akaonja, akauliza majani haya nimenunua wapi, mbona ni vumbi tupu, na yeye ana mwana anayekaa katikati ya chai. Akanywa kikombe chote akaomba kingine. Sasa ameketi kitandani anatazama mvua, na mimi naandika huku nikijifanya nina kazi, kwa maana akiniona nalia ataniambia tena nifute kamasi.

Kesho asubuhi nitamsindikiza hadi steji apande gari la Keroka. Pale huwa na makanga, wachuuzi, wanafunzi wa chuo, watu wa kila kabila na masikio yao. Nitasubiri gari lianze kuondoka, nimwite kwa jina lake, kwa sauti yangu yote.